Kilima cha Nyasi Moja

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa chekechea analimudu, lakini siku ile kwenye mkutano wa kikundi cha maziwa pale Kitura nilikuwa nimekalishwa kiti cha mbele na kupewa soda baridi. Mtu wa kiti cha mbele mwenye soda mkononi huwa hasemi hapana. Mtaalamu wa mradi, kijana mpole aliyevaa fulana yenye picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kukanyaga milima ya Mbinga, aliuliza nani angependa eneo lake liwe shamba la mfano la malisho. Akasema tungeanza na kipande kidogo pembeni, tuone. Mimi nikasimama, nikakohoa kama mbunge, nikasema si kipande, chukueni kilima kizima.

Wakapiga makofi. Kwa miaka kadhaa nilimlaumu yule kijana, na ilinipa nafuu, lakini yeye alisema kipande. Kilima kizima nilikisema mimi.

Kilima chenyewe hakikuwa changu peke yangu. Kiko kwenye ntambo wetu, yaani mgongo wa mlima unaokaliwa na ukoo mmoja, kuanzia kijito cha huku hadi kijito cha kule. Baba alipofariki, mashamba ya chini tuligawana, ila kilima cha juu cha malisho alikiacha kwetu sote wawili, mimi na mdogo wangu Gaudensi, ng'ombe wake na wangu walishe pamoja. Siku ya mkutano Gaudensi alikuwa ameteremka Ziwa Nyasa kununua usipa, wale dagaa wa huko, wa kuja kuuza. Aliporudi na magunia yake yanayonuka, alikuta kilima kimelimwa chote, chekundu kama kidonda.

Kabla ya hapo kilikuwa na nyasi za kila namna. Ndefu za kuezekea, fupi za kutambaa, nyingine zenye vichwa vyekundu, ndago, ukoka, maharage pori yaliyojizungusha kwenye mabua ya wenzake kama walevi wanaosindikizana nyumbani. Majina yao ya Kimatengo ninayajua, ila nikiyaandika hapa atakayepiga chapa atayavuruga, kwa hiyo yapumzike. Sisi mchanganyiko ule tuliuita pori. Tukang'oa pori, tukapanda mabingobingo matupu, yale majani ya ng'ombe marefu kama miwa.

Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa nzuri na mabingobingo yalikua kama yametukanwa. Yalikaribia urefu wa mnara wa kanisa la kigango chetu, na hapo sitii chumvi sana, kwa sababu mnara wenyewe ni mfupi. Wageni wakaja kupiga picha. Gaudensi akaniambia mbele yao kwamba jani linalokula peke yake litalala njaa peke yake. Nikacheka. Nikasema darasa la saba leo linamfundisha kidato cha nne. Wageni nao wakacheka, na mimi nikaona nimeshinda.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mapema, kilima kikakauka, ng'ombe mkubwa wa Gaudensi akafa, na wengine wangu wakafuata. Gaudensi akachukua mke, watoto na ng'ombe waliobaki, akahamia ziwani kwa wakweze. Hakuniaga. Watu waliponiuliza, nilijibu kwa neno tulilofundishwa kwenye semina: mabadiliko ya tabianchi. Ni neno zuri sana. Kwetu sasa linatumika hata na mtu aliyechelewa misa.

Hivyo mwaka jana, mvua zikiwa bado, nikafunga safari. Kwa watu nilisema naenda kutafuta mbegu za nyasi za asili. Mke wangu, Mama Skola, sikumdanganya. Nilikuwa naenda kumwomba mdogo wangu arudi nyumbani.

Alfajiri, Kitura. Mama Skola alinifungia maharage, unga wa mahindi na kahawa ya kumpelekea shemeji yangu Beata. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, inayomfanya mtu aone moshi wa jikoni kama ndugu. Nilivaa koti la suti nililomzikia baba, kwa sababu nilitaka Gaudensi aone nimekuja kwa heshima. Mama Skola alilitazama koti, akanitazama mimi, akanipa ushauri mmoja tu.

"Ukifika, usihutubie."

Nikamwambia sijawahi kuhutubia mtu. Akaenda kufungulia kuku.

Asubuhi, Mbinga mjini. Bodaboda aliniteremsha sokoni nikiwa na ukungu kwenye nyusi. Nikapata nafasi mbele kwenye Canter inayoshusha maharage na kupandisha samaki. Dereva wake, Kaitani, ni mtu wa Songea mwenye sauti kubwa na breki ndogo. Alisema ana mzigo wa kushusha Kingerikiti kwanza, kwa hiyo tutazunguka. Nikasema mimi ni mstaafu, kuzunguka ndiyo kazi yangu.

Njiani, milima ya kahawa. Ukungu ulipoinuka, miteremko ilionekana na vishimo vyake vya ngoro, maelfu yamepangwa kwa miraba kama sega la nyuki lililobandikwa mlimani. Kaitani aliuliza kwa nini Wamatengo tunalima mashimo badala ya matuta kama binadamu wengine. Nilimweleza. Mwishoni mwa mvua mwanamume anafyeka nyasi za shamba lililopumzishwa, anaziacha zikauke, kisha anazilaza mistari ya kwenda na ya kukatiza. Mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Kunabaki shimo katikati na kingo pande zote. Maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kuteremka na shamba, nyasi zinaoza ndani ya kingo, na maharage yanayopandwa juu yake yanakula uozo huo. Babu zetu waliligundua hilo bila soda.

Kaitani akasema ni akili. Basi, kwa kuwa alikuwa mgeni na nilidhani hatutaonana tena, nikamsimulia nilichokifanya mimi na akili hiyo.

Mwaka ule wa pili nilikuwa na mabingobingo mengi kuliko midomo ya ng'ombe. Nikaona niyatumie kwenye ngoro za shamba la maharage. Mama Skola alisema yale si nyasi, ni mabua yenye vifundo, yakauke kwanza mpaka yavunjike. Mimi nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilitaka wageni waone shamba la mfano lina matumizi ya kila namna. Nikayalaza mabichi, mistari mizuri iliyonyooka, wanawake wakafukia udongo.

Kaitani alianza kucheka kabla sijamaliza. Kumbe hata dereva anajua: mabingobingo yanapandwa hivyo hivyo, unalaza bua lenye vifundo na kulifukia. Nilikuwa nimepanda majani shamba zima kwa ufundi wa ukoo. Yakaota yote kwenye kila ukingo, mraba kwa mraba, kama blanketi la kijani, na maharage yakabaki katikati yanachungulia kama wafungwa. Tulipoyang'oa, kingo zikabomoka. Kisha mvua ikakatika. Majani yale ni malafi. Yalikuwa yamekwisha kunywa kila tone. Kule juu kilimani nako, mwaka ule mmoja wa fahari ulikuwa umemaliza rutuba yote ya udongo wetu mwembamba, na kwa kuwa mizizi yote ilikuwa ya jamii moja, yenye tabia moja na kiu moja, yalikauka yote kwa pamoja. Ng'ombe walitafuna mabua kama watu wanaotafuna mwavuli.

"Mzee," Kaitani alisema akijifuta machozi kwa kiwiko, "lakini si wote wanasema ni tabianchi?"

Hilo swali nilikuwa nimelikimbia tangu mwaka ule. Mvua ilikatika kweli, na zamani haikuwa ikikatika hivyo. Lakini mvua ile ile ilikatika kwa jirani yangu ng'ambo ya kijito, ambaye hakuwahi kukalishwa kiti cha mbele. Kilima chake cha pori kilififia rangi, nyasi fupi zikanyauka, ila za mizizi mirefu zikabaki na kijani chini, na maharage pori yakaendelea kutambaa kivulini mwa mabua yaliyokufa. Ng'ombe zake walikonda, hawakufa. Anga lilikuwa moja juu yetu sote. Nikamwambia Kaitani kwamba tabianchi ilileta ukame, na kilima kisicho na kitu cha akiba nilikileta mimi.

Mchana, Kingerikiti. Tulipumzika kwa mama mmoja muuza chai na mihogo ya kukaanga. Wakati maharage yanashushwa nilizunguka nyuma ya kibanda chake, nikaona mteremko wenye nyasi mchanganyiko zilizozaa vichwa. Nikamwomba ruhusa nikusanye mbegu.

"Babu, siku hizi nyasi nazo zinaombwa?" aliuliza.

Nikasema za kwetu zimeisha. Akaniuliza zilikwenda wapi. Nikasema tulizing'oa. Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu waliotoka hospitali ya vichaa bila cheti, akanipa mfuko wa sukari mtupu nikusanyie, na akakataa kupokea pesa ya chai.

Pale palikuwa na jambo moja nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Sehemu ya juu ya mteremko, penye upepo na baridi, nyasi zilikuwa fupi, zimejikunja, zinafanana na za kwetu. Chini kidogo zilirefuka. Chini zaidi, jamii nyingine kabisa. Mlima mmoja, na kila jamii imechagua ghorofa yake. Nilifurahi sana kwa uvumbuzi huo mpaka nikamweleza yule mama, naye akasema hata mbuzi wake wanajua.

Alasiri, mteremko wa kwenda ziwani. Kila kona Kaitani aliyoikata joto lilipanda. Nilivua kofia, kisha sweta, kisha nikapigana na heshima yangu kuhusu koti, nikashindwa, nikalivua. Kahawa iliisha, migomba ikapungua, ikaja miti ya miombo yenye majani mapya mekundu na nyasi ngumu za njano chini yake. Halafu ziwa likatokea lote kwa mara moja, buluu, na kule ng'ambo milima ya Malawi kama mtu amelala ubavu. Kaitani alipunguza mwendo bila kuambiwa. Ni mara pekee siku ile nilipomwona akikumbuka breki.

Jioni, kijiji kidogo kusini mwa Mbamba Bay. Shemeji Beata alinipokea kwa "Shikamoo, shemeji" ya kupiga goti, akapokea maharage kama amepokea mtoto, akanusa kahawa, akageuka upande. Nikajua kule chini wanakunywa maji ya moto na majani wasiyoyajua.

Gaudensi alirudi na ng'ombe jua likiwa limegusa maji. Amekuwa mweusi zaidi, mwembamba zaidi, na mvi zake zimetangulia zangu, jambo ambalo kama kaka sikulipenda. Aliniona, akaendelea kufunga zizi mpaka kamba ya mwisho. Kisha akaja, akanipa mkono.

"Karibu," akasema.

Hakuna shikamoo. Mimi ni kaka yake mkubwa, baba alikufa mikononi mwetu sote wawili, na tangu alipoanza kusema hajawahi kunipita bila shikamoo, hata siku tuliyopigana kwa ajili ya baiskeli. Nilijibu asante. Nilikaa. Tulikula ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, na tukazungumza habari za watu wengine. Aliniambia siku hizi anasali na Waanglikana. Nikamuuliza kama amebadili imani. Akasema hapana, kanisa lao liko karibu na malisho. Nilitaka kumweleza msimamo wa Kanisa Katoliki kuhusu jambo hilo, nikamkumbuka Mama Skola, nikameza samaki.

Asubuhi ya pili, malishoni. Aliniambia kama nimefuata nyasi, basi nikazione. Tulipita nyuma ya kijiji hadi kwenye bonde pana linaloshuka polepole kuelekea ziwani. Kwa macho yangu ya milimani lilikuwa pori la hovyo. Yeye alilitembelea kama mtu anayepita sebuleni kwake. Alinionyesha kwamba sehemu ya juu, yenye mchanga, imekauka, lakini kwenye mabonde madogo bado kuna kijani. Kwamba miaka ile ziwa lilipopanda lilimeza malisho yote ya chini, nyasi zilizokuwa pale zikaoza, zikaja nyingine zinazopenda miguu yenye maji, na sasa maji yamerudi kidogo zimebaki jamii zote mbili zinagombana. Ng'ombe zake walikuwa wametawanyika, kila mmoja ana anachokichuma.

"Unaona yule?" aliniuliza, akimwonyesha jike mwenye doa usoni. "Anakula ile ngumu, halafu anafuata maharage pori, halafu anarudi. Nani amemfundisha? Hata wewe huwezi kula ugali mtupu mwaka mzima."

Nikasema kule kwetu niliwalisha ugali mtupu.

"Uliwalisha ugali mtupu, halafu ugali wenyewe ukaisha."

Hapo ndipo nilipotaka kueleza mambo ya kiti cha mbele, na mradi, na mvua. Nilikuwa nimeyapanga tangu Mbinga. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa machache. Nikamwambia nilikosea.

Gaudensi aliokota kijiti akawa anakibandua gome. Akauliza, "Ulikosea lini? Uliposema kilima kizima, au uliponifanya kichekesho kwa wageni?"

Nikasema kote kuwili. Nikasema kilima kilikuwa chake pia na sikumngoja. Nikasema darasa la saba lilikuwa sahihi, na kwamba kidato cha nne chenyewe nilipata sifuri ya baiolojia, jambo nililomficha baba hadi kaburini. Hilo hakuwa akilijua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na alicheka mpaka yule jike mwenye doa akainua kichwa.

"Sifuri?" akasema.

"Sifuri."

Alijifuta uso. Akatupa kijiti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikajibu, na ilibidi nitazame ziwani kwa muda.

Nikaona mambo yamekwisha. Nikawa tayari kichwani nimempakia yeye, Beata, watoto na ng'ombe kwenye Canter ya Kaitani. Nikamwambia turudi nyumbani. Nitaling'oa lile jani lote, nitapanda tena nyasi za asili. Nilikuwa na mfuko wa Kingerikiti, na nitachukua na hizi za kwake. Kilima kitarudi kama baba alivyokiacha.

Badala ya kunijibu alinirudisha nyumbani kwake, nyuma ya jiko, mahali penye kivuli cha muembe mdogo. Palikuwa na kijibustani kilichozungushiwa miiba. Ndani yake, udongo mtupu, na katikati kichaka kimoja cha nyasi yenye kichwa chekundu, kimekonda kama mgonjwa anayekataa uji.

Siku alipohama, aliniambia, alipita kwenye kingo za njia yetu ambako jembe la mradi halikufika, akachimba mizizi ya kila jamii aliyoikuta, akaifunga kwenye gunia lenye unyevu. Aliipanda pale. Aliimwagilia. Joto likaiua moja baada ya nyingine. Nyasi zilizozoea ukungu zilisimama siku chache, zikalala. Ikabaki ile moja, na haijawahi kuzaa. Beata alitaka pale apande mchicha, akamkatalia.

Nilikitazama kile kichaka. Mimi nilidhani mdogo wangu aliondoka akinitukana. Kumbe aliondoka amebeba kilima mgongoni.

"Kwa hiyo hizi za kwangu usizibebe," alisema. "Za joto zitakufia baridi, kama za baridi zilivyonifia joto. Za Kingerikiti, za kule juu, labda. Lakini mbegu unazotafuta ziko nyumbani."

"Wapi? Nimelima kila mahali."

"Makaburini. Pale hujalima hata wewe."

Ni kweli. Makaburi ya ukoo wetu yako kwenye bega la kilima, na hakuna Mmatengo anayeingiza jembe kati ya wazee wake isipokuwa kuchimba jipya. Nyasi zote za zamani zilikuwa pale, zimewalalia baba na mama, zinazaa na kudondosha mbegu kila mwaka. Mimi nilikuwa nimeteremka mlima mzima kuomba nyasi kwa muuza chai.

Nikasema vizuri, basi twende tukazikusanye pamoja.

Gaudensi alichuchumaa akang'oa gugu kwenye bustani yake. Alisema amenisamehe, na nisidhani hajanisamehe. Lakini harudi. Watoto wake wameoa huku, wanavua, wanazungumza Kinyasa wao kwa wao. Ng'ombe zake wamezoea majani ya huku na wakipandishwa kule baridi itawamaliza kama joto lilivyomaliza mizizi. Na yeye mwenyewe, alisema, miaka ya kwanza alikuwa akiamka akitafuta ukungu. Siku hizi hautafuti.

"Nimeshawaambia watoto, kaka. Nikifa wanizike hapa. Nimeonyesha na mahali."

Nilimuuliza kama amewaambia kweli, au anasema tu. Akasema amewaambia mbele ya mchungaji. Hata hapo nilitaka kusema neno kuhusu Waanglikana. Badala yake nikachuchumaa, nikang'oa gugu lililofuata.

Siku ya kurudi. Kaitani alipita na mzigo wa samaki wabichi, nami nikapanda mbele tena, nikiwa na usipa niliopewa na Beata na mfuko wa mbegu za bondeni nilizozichukua hata baada ya kukatazwa, kwa sababu mimi ni mimi. Gaudensi alisimama barabarani mpaka tulipokata kona. Kaitani aliniuliza kama nimefanikiwa. Nikamwambia amenipa shikamoo. Akasema basi ni vizuri. Nikavaa sweta Kingerikiti, na koti tulipoingia kwenye ukungu.

Nyumbani, tangu hapo. Mama Skola aliponiona natoka makaburini na mfuko wa mbegu alisema sasa nimeanza kuchuma na marehemu. Katekista naye alikuja kuuliza kama ni sahihi kufanya hivyo kabla ya siku ya kuwaombea wafu. Nikamwambia marehemu wenyewe walikuwa wafugaji. Nilichimba mabingobingo, kifundo kwa kifundo, nikaacha kipande kidogo pembeni, kile hasa alichokuwa amekiomba yule kijana wa mradi, na pale chini penye samadi na maji yanafanya kazi nzuri sana. Sehemu nyingine zote nilimwaga mchanganyiko wa makaburini na wa Kingerikiti. Mbegu za ziwani niliziwekea sehemu yake. Ziliota kwa hamasa, zikakutana na baridi ya Juni, zikafa zote.

Kilima kinarudi, polepole na bila mpangilio. Zile za kutambaa zilianza, zikashika udongo, ndefu zimefuata, maharage pori yamejitokeza mahali ambapo sikuyamwaga. Mvua za masika haya zilisimama katikati tena. Sehemu moja ikawa kahawia, ya jirani yake ikabaki kijani, na ng'ombe wangu wakahama kutoka huku kwenda kule bila kufanya mkutano. Hilo ndilo nililojifunza, na ninaliandika kwa ajili ya yeyote atakayekalishwa kiti cha mbele: hali ya hewa hutaipangia, ila unaweza kuwa na nyasi nyingi tofauti ili siku ya ukame zisife zote kwa sababu moja. Na ujue kila jamii ina baridi yake na joto lake, hata ukiibeba kwa mapenzi.

Ng'ombe nilipata wengine. Kilima ninakipata. Lakini mdogo wangu sikumpata. Alinisamehe, na akabaki kule chini, na atazikwa mchangani kando ya ziwa, na mimi nitazikwa hapa kwenye ntambo wa baba, na kati ya wana wawili wa nyumba ile atakayelala na wazazi ni mmoja tu, yule aliyemfukuza mwenzake.